Trekta kuukuu juu ya tela: mzigo usioonekana kwenye mzani

NJIA NA MZIGO
Na Hamisi Mwinjaka

Mzani wa Vigwaza, ulioko mkoani Pwani kando ya Barabara ya Morogoro, hupima uzito wa lori na mgawanyo wake katika kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, na kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania Machi 2019, gari pamoja na shehena yake havipaswi kuzidi tani 56. Trekta la Massey Ferguson 135, lililotoka viwandani kati ya 1964 na 1975, lina takriban tani moja na nusu. Kwa mzani wa namna hiyo trekta hilo ni kama halipo, na lori lililolibeba hupita bila kuulizwa neno, hata kama limefungwa kwa kamba ya nailoni iliyozungushwa kwenye usukani. Kisichopimwa ni ufungaji, na kwa trekta kuukuu ufungaji ndio kiini cha usalama wote.

Jambo hili linawahusu wakazi wa Madale, katika Manispaa ya Kinondoni, kwa sababu ya umbo la ardhi yao. Mwenye kiwanja Madale na shamba Mvomero au Kilosa, ambaye hutunza trekta lake uani na kulipeleka shamba masika yanapokaribia, ana njia mbili za kutoka: kuteremka Tegeta hadi Barabara ya Bagamoyo, au kupita Goba hadi Mbezi Mwisho kwenye Barabara ya Morogoro. Njia ya pili humfaa zaidi anayekwenda Morogoro, na ndiyo yenye miinuko, miteremko na kona. Mtihani mgumu wa safari nzima, kwa hiyo, hufanyika ndani ya kilomita za kwanza, muda mrefu kabla ya mzani wowote.

Dar es Salaam si mgeni wa mizigo hii. Mwaka 1947, Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulipoanza Kongwa, bandari ya jiji hili ilipokea matrekta yaliyokuwa masalia ya Vita Kuu ya Pili, yakapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati hadi Msagali na kutoka hapo yakafikishwa Kongwa. Baadaye yakafuata Shervick, ambayo ni matrekta ya minyororo yaliyoundwa na kampuni ya Vickers-Armstrongs kwa kutumia sehemu za vifaru vya Sherman. Kabla mwaka huo haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yaliyoagizwa yalikuwa hayafanyi kazi tena. Wanaoandika historia ya mpango huo, uliofutwa 1951, husisitiza ardhi ngumu na mvua haba, na hawakosei, lakini kosa lililotangulia yote hayo ni kuihesabu mashine iliyochoka kana kwamba imetoka kiwandani jana. Kosa hilo hurudiwa hadi leo kila Massey Ferguson, Ford au Valmet, ile ya Finland iliyokuwa ikiunganishwa Kibaha miaka ya 1980, inapopandishwa juu ya Fuso na utingo akaambiwa tu avute hendibreki na kuweka gia.

Hendibreki ya trekta la umri huo hushikiliwa na jino moja la chuma linaloingia kati ya meno mengine, na jino hilo likishalika, mtikisiko wa tuta moja la barabarani hutosha kuliachia. Gia nayo huaminiwa kupita kiasi. Inasemwa kwamba trekta lililowekwa gia ya kwanza haliwezi kusogea kwa kuwa mgandamizo wa hewa ndani ya silinda huizuia injini isizunguke, jambo ambalo ni kweli kwa injini nzima; injini ambayo ringi zake za pistoni zimelika huvujisha hewa hiyo, na magurudumu yakisukumwa kwa muda kwenye mteremko, injini huzunguka taratibu na trekta likasogea nusu mita bila mtu kuona. Oili inayodondoka kutoka kwenye difu, yaani sanduku la meno linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, huenea juu ya kitanda cha chuma cha tela na kuondoa ule msuguano kidogo ambao mpira wa tairi ungeutoa.

Lililo gumu zaidi kuliona ni maji. Wakulima wengi hujaza maji kwenye matairi ya nyuma, hadi karibu robo tatu ya nafasi yake, ili trekta lipate mshiko shambani, na kwa kuwa tairi la nyuma la trekta dogo huchukua zaidi ya lita 100 na kila lita ina kilo moja, matairi mawili huongeza zaidi ya kilo 200 ambazo hazikuandikwa kwenye kibati chochote. Uzito huo uko nyuma, mahali ambapo trekta tayari ni zito. Kwa tela dogo linalovutwa na pikapu, kanuni inayokubalika ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela na mzigo wake ilalie kwenye ndoano ya gari linalovuta. Trekta likisimamishwa nyuma kupita kiasi, ndoano hupunguziwa uzito, tela huanza kuyumba kama mkia, na dereva akikanyaga breki kwa hofu katikati ya mteremko wa Goba, mkia ndio unaoamua gari lielekee wapi.

Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 12195 hutaka mzigo uweze kuzuiwa dhidi ya nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake kuelekea mbele, lori linapofunga breki, na asilimia 50 kuelekea nyuma na ubavuni. Kwa trekta la tani mbili hiyo ni nguvu ya kilo 1,600 inayosukuma kuelekea kwenye kabini ya dereva. Kamba ya nailoni, hata ikiwa nene, hunyooka kabla ya kukatika, na mzigo uliokwisha kupata mwendo haurudi. Kinachohitajika ni minyororo minne, kila pembe wake, miwili ikivuta mbele na miwili ikivuta nyuma, na kila mmoja uwe na kikazio chake. Mahali pa kuishika ni mwili wenyewe: kwa nyuma ni nyumba ya ekseli au chuma kinachobeba ndoano ya kuvutia, na kwa mbele ni fremu ya chuma cha kumimina iliyo juu ya ekseli. Ekseli ya mbele yenyewe haitoshi, kwa kuwa imening'inia kwenye pini moja ya katikati ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba, na mnyororo ulioshika ncha yake hauzuii mwili wa trekta kuegemea upande. Tairodi, yaani fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele, hazipaswi kuguswa kabisa, wala mikono ya haidroliki inayonyanyua jembe.

Trekta la aina hii halina springi nyuma. Matairi yake ndiyo springi. Kila shimo la barabara huyabonyeza, mnyororo hulegea kwa dakika ile na kukazika ghafla yanaporudi, na kwa hiyo mnyororo hukazwa mpaka tairi libonyee kidogo, kisha hukaguliwa upya mapema. Kanuni za Marekani hutaja ukaguzi ndani ya kilomita 80 za kwanza, umbali ambao kwa anayetoka Madale umepita miteremko yote. Mahali panapofaa ni Mbezi Mwisho, kabla ya kuingia Barabara ya Morogoro.

Kupakia ni hatari ya pekee. Mahali pengi lori husogezwa kwenye tuta la udongo na trekta huendeshwa kupanda likiwa limetanguliza mbele, jambo ambalo kwenye mwinuko mkali huinua magurudumu ya mbele na kuweza kulipindua trekta kinyumenyume juu ya dereva kufumba na kufumbua. Sweden iliagiza tangu 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva, lakini mengi ya matrekta kuukuu hayana. Ni salama zaidi kulivuta kwa winchi, kiti kikiwa kitupu, na pasipokuwa na winchi lipandishwe kinyumenyume. Mambo madogo yanaweza kutajwa kwa haraka: ekzosi iliyosimama ifunikwe kwa kopo ili mvua isiingie kwenye injini, na boneti ifungwe kwa mkanda, hasa trekta likitazama nyuma, kwa maana komeo lake la zamani haliwezi kushindana na upepo wa kilomita 80 kwa saa.

Nani ahakikishe haya yote? Askari wa usalama barabarani hana muda wa kulala chini ya tela kutazama kulabu, na mzani hauna jicho la kuona kamba. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ingeweza kudai kwamba lori la kukodi linalobeba mashine liwe na minyororo minne na kabari nne, yaani vipande vya kuzuia magurudumu, na gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na nauli ya safari moja ya mkoani. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, wajibu humwangukia mwenye trekta, ambaye peke yake anajua kama hendibreki inashika na kama matairi yana maji, na ambaye angepaswa kuyaandika hayo mawili kwenye karatasi ya makubaliano kabla ya kukubaliana bei. Karatasi hiyo hiyo itaje pia upakuaji, kwa sababu shambani mara nyingi hakuna tuta: tela dogo libaki limeungwa kwenye gari mpaka trekta liguse ardhi, na kabari zitangulie kuwekwa kabla mnyororo wa kwanza haujalegezwa.