Kasa wa Panza na msomi wa insia

Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao watoto, walikufa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa. Vipimo vya maabara vikathibitisha kwamba wote walikuwa wamekula kasa. Novemba 2021 watu saba walishakufa huko huko Pemba kwa kitoweo hicho hicho, na habari ikaenea nchi nzima. Kwa hiyo tunajua kilichoua. Hatujaelezwa kwa nini jungu liliinjikwa tena: kasa akishafika pwani nyama yake hugawanywa vipi, wazee wanakumbuka nini juu ya kasa aliyewahi kudhuru, na neno la bwana afya lina uzito gani mbele ya mazoea ya mababu. Hayo ni maswali ya historia, lugha na utamaduni, yaani insia, na majibu yake yanataka mtu wa kuyakalia kwa miaka. Ndiyo maana nasema uzamivu wa insia ni kazi ya umma, na ulipiwe kama kazi ya umma.

Kwa sasa anayethubutu kuusomea huubeba mwenyewe. Mara nyingi ni mwalimu au mhadhiri msaidizi mwenye vipindi vyake, karatasi za kusahihisha na watoto wa kulisha. Nyaraka za zama za ukoloni ziko Kilimani, Unguja. Watu wa kuzungumza nao wako Panza, ng'ambo ya Chokocho. Kila sura ina nauli yake ya meli na mashua. Msimamizi akisafiri, sura hulala miezi bila kusomwa, ilhali ada hailali. Raha ipo pia, tena kubwa: siku mzee mmoja anapoivunja dhana nzima kwa sentensi moja, na msomi akajua kwamba sasa ndipo utafiti unaanza. Lakini raha hailipi nauli. Tazama nani wameandika tasnifu na vitabu vinavyotajwa sana kuhusu Pemba. Nathalie Arnold aliandika juu ya nguvu za siri na kumbukumbu za Mapinduzi, Chuo Kikuu cha Indiana, 2003. Mwaka huo huo Jeffrey Fleisher akamaliza yake ya akiolojia, Virginia. Elisabeth McMahon, naye msomi wa Marekani, alitoa mwaka 2013 kitabu juu ya utumwa na ukombozi wa watumwa kisiwani humo. Ni kazi za kuheshimiwa, na zote ni za Kiingereza. Wapemba hawakupungukiwa akili ya kuziandika. Tofauti ni mafungu ya kumweka mtafiti uwandani hadi azoeleke.

Wapo watakaosema nchi inahitaji kwanza madaktari na wahandisi. Ni kweli, na ndiyo sababu Samia Scholarship, tangu 2022, inawasomesha vijana wa sayansi. Sina ugomvi nayo. Ila daktari wa Mkoani, huko Pemba, humpokea mgonjwa akiwa ameshakula. Wengine watauliza kwa nini uzamivu, wakati dodoso la wiki mbili lingetosha. Halitoshi. Kasa analindwa kisheria. Nani atamwambia mgeni mwenye fomu na kalamu kwamba juzi alimvua na kumgawa? Dodoso litarudi na jibu safi kwamba hapa hawaliwi, nalo litaingia kwenye ripoti.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine: tasnifu hutetewa, hutiwa jalada gumu, kisha huliwa na vumbi maktabani. Hapo wasomi hatuna pa kujifichia. Fedha za umma basi ziende na sharti. Mwajiri atoe likizo yenye mshahara, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar itenge fungu la utafiti wa uwandani, na mtafiti asitunukiwe shahada kabla ya kuwasilisha toleo la Kiswahili chepesi kwa sheha wa eneo alikotafiti na kulisoma mbele ya watu waliompa maneno yao. Idara za Kiswahili zinapokea tasnifu za Kiswahili bila elimu kushuka. Historia na akiolojia zinaweza vilevile. Huko Panza, ambako maji ya chumvi yameingia mashambani na watu wamepanda mikoko kuyazuia, wasikilizaji wa kikao kama hicho hawatakosekana, na maswali yao yatakuwa magumu kuliko ya mtahini wa nje.