Mfumo Mmoja wa Kamera Hautoshi Kila Kazi

Hoja iliyochapishwa kwamba mpigapicha mwenye mifumo miwili ya kamera ni mtumwa wa vifaa, kwa kuwa mpigapicha Henri Cartier-Bresson alitosheka na kamera ya Leica na lenzi ya milimita 50, inachagua ushahidi kwa upendeleo. Ansel Adams, ambaye mwaka 1941 alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, kwa kamera ya filamu ya inchi 8 kwa 10, alitumia pia kamera ya Hasselblad na za milimita 35, wala hakuna aliyemwita mtumwa.

Kiini cha suala ni kihisi, yaani bapa linalogeuza mwanga kuwa umeme ndani ya kamera ya dijitali. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24. Kile cha mfumo wa kamera wa Micro Four Thirds, chenye milimita 17.3 kwa 13, kina takriban robo ya eneo hilo, hivyo lenzi yake ya milimita 300 huvuta ndege wa mbali kama ile ya 600 kwenye fremu kamili bila kumchosha mbebaji, lakini katika ukumbi wa harusi wenye mwanga hafifu, kwa tundu la lenzi na kasi ileile, kihisi hicho hupokea takriban robo tu ya mwanga ambao fremu kamili hupokea, na picha hujaa chembechembe. Hiyo ni fizikia, si tamaa. Gharama ya lenzi zisizoingiliana ni pingamizi la haki, na ajabu ni kwamba ndilo ambalo mwandishi wa hoja hiyo hakulitaja.