Tuache kuzipigia injini ramli

Hivi jamani, nani katuroga? Kijana ana shahada, ofisini hapitishi malipo ya laki moja bila risiti tatu. Lakini gari lake likianza kukohoa asubuhi, anamwita mtu. Mtu anasogeza sikio kwenye boneti, anatikisa kichwa, anasema "hizi plagi". Plagi zinabadilishwa. Kesho ni "sensa". Keshokutwa ni "pampu ya petroli". Wiki ikiisha msomi wetu keshanunua nusu gari Kariakoo, na gari bado linakohoa.

Huo si ufundi, ni ramli. Tofauti ni kwamba mganga anadai kuku mweusi, huyu anadai hela ya spea.

Leo nasema hasa na nyie wenye magari ya kuchezea. Mmefunga turbo kubwa, filta ya hewa ya wazi, mafla ya kuamsha mtaa, halafu mnajitapa kwamba mnajitengenezea wenyewe nyumbani. Vizuri sana, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni huu: kiwanda kilipounda ile injini kiliiandikia kitabu chake, kikaipa na kompyuta inayojua hewa ngapi iingie na petroli ngapi iifuate. Siku ulipobadilisha vitu hivyo, ulikichana kile kitabu. Kuanzia siku hiyo mhandisi wa injini hiyo ni wewe. Sasa mhandisi asiyepima kitu ni mhandisi gani?

Chukua Subaru Impreza WRX, gari linalopendwa na vijana wengi Dar na Nairobi. Ukibadilisha njia ya kuingizia hewa, sensa inayopima hewa inaweza kuanza kuidanganya kompyuta. Ukifungua eksozi, presha ya turbo inaweza kupanda kuliko ilivyopangwa. Gari likitembea taratibu, petroli huungua vizuri kwa uwiano wa takriban 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli kwa uzito. Turbo ikisukuma kwa nguvu, injini inahitaji petroli zaidi, uwiano ushuke hadi kama 11 au 12 kwa 1, ili chumba cha moto kisipate joto la kupindukia. Usipoiprogramu upya kompyuta kulingana na ulichofunga, hewa inazidi, joto linapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga na pistoni inavunjika. Kichekesho ni kwamba mafla uliyofunga ili mtaa mzima usikie ndiyo inayokuzuia wewe kusikia injini ikigonga.

Halafu kuna petroli yenyewe. Turbo nyingi za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo kwa viwango vyao haishuki oktani 96. Wangapi kati yenu mmewahi kuuliza kituo chenu kinauza oktani ngapi? Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na sababu mojawapo ilikuwa uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa, ambayo hushusha oktani. Tunajua historia hiyo, lakini tunapandisha presha ya turbo kana kwamba tunajaza mafuta Tokyo.

Sasa njoo kwenye dhambi kuu: kung'oa thamostati. "Nchi ya joto hii, ya nini?" Naomba mnisikilize. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi, maji yakiwa karibu nyuzi 80 au zaidi kidogo, na kuishikilia hapo. Ukiing'oa, barabara kuu injini inaweza kubaki baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inamwaga petroli ya ziada, na petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kuna injini nyingine ambazo thamostati hiyo hiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji ya moto yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kwa sababu ya "dawa" uliyolipa. Kama gari linachemsha, tafuta kwa nini: rejeta imeziba, feni haizunguki, mfuniko umechoka, gaskiti ya silinda hedi imeungua. Kuing'oa thamostati ni sawa na kuvunja kipimajoto ili mgonjwa apone homa.

Wengine mnajiona wa kisasa kwa sababu mna kile kimashine cha kusoma kodi. Kinaandika P0171, mnakimbilia kununua sensa ya oksijeni. Chumba cha habari kinanifundisha kwamba fununu si habari mpaka uithibitishe. Kodi ni fununu! P0171 inasema tu kwamba hewa imezidi petroli. Inaweza kuwa mpira uliopasuka baada ya sensa ya hewa, pampu dhaifu, au nozeli chafu. Sensa huenda ndiyo pekee iliyosema ukweli, nawe umeifukuza kazi.

"Vipimo ni ghali." Si kweli. Geji ya kompresheni haifikii bei ya hiyo mafla. Toa plagi zote, zima umeme wa plagi na pampu ya petroli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, zungusha starta, andika namba ya kila silinda. Kwenye Subaru silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Zikishuka mbili za upande mmoja, anza kuishuku gaskiti ya upande huo. Zitazame na plagi ulizotoa: nyeusi za masizi, petroli imezidi, nyeupe zilizoungua, joto limezidi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika tarehe na matokeo. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi.

"Fundi ana uzoefu." Anao, namheshimu. Lakini uzoefu wake ni wa injini za kiwanda, na wewe humwambii umebadilisha nini. Unamficha daktari dawa unazokunywa.

Jirani yangu mmoja Sinza alichukua mkopo, akaijenga WRX yake. Pistoni ikavunjika. Akanunua injini nyingine ya mtumba, akahamishia turbo ile ile, presha ile ile, kompyuta haikuguswa. Haikumaliza miezi minne. Marehemu wa kwanza alizikwa bila uchunguzi, muuaji akabaki ndani ya nyumba. Mkopo bado anaulipa.

Na hapo aliyepoteza ni mwenye gari tu. Injini ikizima ghafla ukiwa unateremka Kitonga, usukani unakuwa mzito, na ukishakanyaga breki mara mbili tatu nazo zinakuwa ngumu. Nyuma yako kuna lori, pembeni korongo, na ndani ya gari umebeba watoto wa watu. Hao hawakukutuma ufunge turbo.

Sisemi msichezee magari. Chezeeni. Ila mwenye hela ya kuongeza nguvu aanze kwa kununua vya kupimia, na asiyetaka kupima aiache injini kama ilivyotoka kiwandani. Tumesoma kwa kodi za wakulima ili tuache kubahatisha. Haiwezekani elimu hiyo ikaishia kwenye mlango wa boneti.

Nawasilisha.