Chombo Kilichojaa Kizuiwe Gatini

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza mita chache kufika Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliopoteza maisha ni 228, na walionusurika ni 41. Hesabu hiyo haihitaji mhandisi wa meli: waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kuwamo. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Bugolora, na mazoea yalikwisha kumfundisha kila mtu kwamba siku hiyo watu na magunia hufurika. Hatari ilionekana kwa macho kabla kamba hazijafunguliwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusema “hatuondoki” na akasikilizwa. Hoja yangu ni kwamba usalama wa jamii nzima unasimama au kuanguka hapo, katika uwezo wa mtu wa kawaida kuizuia hatari wakati bado inazuilika.

Ukara haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika ziwa hilohilo, ikaondoka na watu zaidi ya 800. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 430, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha ya majina. Septemba 2011 ikawa zamu ya bahari: MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700, na uchunguzi ukaonyesha kwamba waliokuwamo walizidi 2,000. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa baadhi ya wasafiri waliiona imejaa wakakataa kupanda. Macho yao yalitosha kuwaokoa wao wenyewe, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuyageuza yawe amri ya kuwaokoa wengine. MV Bukoba na MV Nyerere vilikuwa vya taasisi za umma, Spice Islander ilikuwa ya kampuni binafsi. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dawa ni kubadili mmiliki. Kasoro ileile imepita mikononi mwa wote: anayekusanya nauli ndiye anayeamua ni lini chombo kimejaa, na kila tiketi ya ziada inamfaidi.

Wala jambo hili halikomei majini. Machi 2001, wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, waliteketea bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango uliofungwa kwa kufuli na nondo za madirishani ndivyo vilivyowanyima njia ya kutoka. Kufuli na nondo ni vifaa vya ulinzi, na watu wengi hudhani kuwa pakiwa na ulinzi pana usalama. Kumbe ulinzi uliowekwa bila kufikiria watu watatokaje ni hatari nyingine, na hiyo pia ilionekana kila siku na waliolala mle, waliofundisha pale na waliokagua. Swali la kujiuliza ni nani kati yao alikuwa na nguvu ya kudai lile kufuli liondolewe.

Wapo watakaosema ajali haina kinga, na kwamba siku ya mtu ikifika imefika. Imani hiyo inawafariji wafiwa, nami siinyang’anyi heshima yake. Lakini dhoruba ni kitu kimoja, na kupakia watu kupita kiasi ni uamuzi wa binadamu, mwenye jina na cheo. Wengine watasema abiria hana hiari: kivuko ni kimoja, nyanya zinaoza, mgonjwa anasubiri hospitali ng’ambo. Pingamizi hili ndilo zito zaidi, na ni kweli. Ndiyo maana lawama haipaswi kumwangukia mama wa gulio. Siku ya gulio iko kwenye kalenda. Msongamano unaotabirika kila wiki unaweza kupangiwa safari ya pili. Anayekataza bila kuongeza safari anawasukuma watu kwenye mitumbwi, na hapo atakuwa ameihamisha hatari, hajaiondoa.

Pingamizi la tatu ni kwamba kazi hii ni ya serikali. Naam, ni ya serikali kwanza, na uwajibikaji wake usipunguzwe hata chembe. Lakini mkaguzi hayupo katika kila safari, abiria yupo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao, na watu 24 kati ya 43 wakanusurika. Wananchi hawa tunawaita mashujaa baada ya maafa. Ni haki kuwapa pia sauti kabla ya maafa, na vifaa na mafunzo ya uokoaji, kwa sababu wao ndio walio karibu.

Yanayohitajika hayana gharama kubwa. Idadi halali ya abiria na uzito wa mizigo viandikwe kwa herufi kubwa langoni mwa kila gati, ili yeyote aweze kuhesabu na kudai. Tiketi ziwe na namba, na mauzo yafungwe idadi ikitimia. Anayeruhusu chombo kuondoka asiwe mwajiriwa wa anayepokea nauli, hata kama mmiliki ni serikali yenyewe. Nahodha anayekataa kuondoka alindwe kisheria asipoteze kibarua, na malalamiko ya abiria yajibiwe hadharani. Na safari iliyonusurika kwa bahati iandikwe na kuchunguzwa kama ajali, maana ndiyo onyo tunalolipata bila kuzika mtu. Kukamata wahusika baada ya msiba ni haki ya wafiwa. Walio hai nao wana haki yao: kuwa na mtu gatini mwenye mamlaka ya kuzuia safari, na kumuunga mkono anapoitumia, hata siku ambayo sisi wenyewe tuna haraka.