Korosho Ina Mizani, Binti Hana

Binti akitoka Kiegei na begi lake, akapanda basi Nachingwea kwenda Dar es Salaam kutafuta nafasi kwenye filamu, kijiji kizima kinamsindikiza kwa neno moja: ana tamaa. Akirudi kimya baada ya miezi sita, neno ni lilelile. Tamaa imemponza. Na tamaa ya yule mwongozaji aliyemwita kwenye "usaili" saa nne usiku, chumba cha gesti? Hiyo haina msemaji.

Lugha yetu imetuponza hapa. Hamu ya kazi tunaiita tamaa, uchu wa mwanamume tunauita tamaa, na maneno yakifika barazani, zote mbili tunambebesha binti.

Wafaransa, pamoja na majigambo yao ya sanaa, hawana la kutufundisha. Mwongozaji wao Jean-Claude Brisseau aliwaita wasichana waliotaka kuigiza katika Choses secrètes, filamu yake ya 2002, akawataka wafanye mbele yake mambo ambayo mtu huyafanya akiwa peke yake, eti anachunguza tamaa ya mwanamke. Mwaka 2005 mahakama ikamtia hatiani kwa kuwanyanyasa wawili kingono: kifungo cha nje cha mwaka 1 na faini ya euro 15,000. Akajuta? Mwaka uliofuata akatoa Les Anges exterminateurs, kisa cha mwongozaji anayesaili wasichana kwa ajili ya filamu ya tamaa, na anayeonewa humo ni mwongozaji! Ikaonyeshwa Cannes. Huku kwetu mwizi wa korosho hapewi kipaza sauti mnadani.

Lakini tusiwacheke. Sheria yetu ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamtaja waziwazi mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira. Nani ameiona sheria hiyo ikikanyaga eneo la kurekodia filamu? Ila Oktoba 2018, video ya faragha ya mwigizaji Wema Sepetu iliposambaa, Bodi ya Filamu haikusinzia. Ikamfungia.

Linganisha na korosho. Mwaka uleule wa sheria ya rushwa, 2007, stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa mnadani, ikaingia huku kusini. Tumeilaani sana, na malipo yakichelewa nitailaani tena. Hata hivyo gunia hupanda mizani watu wakiona, na bei husomwa mnadani mkulima akisikia. Gunia lina mashahidi, binti hana! Bodi ya Filamu inayotaka kuuona muswada wa filamu kabla ya kutoa kibali itake na haya: usaili ufanyike mchana, ofisini, mbele ya watu, na mkataba uandikwe. Nanyi makungwi, mmewafunda mabinti habari za mume mpaka basi. Habari za mkataba je?

Watayarishaji watasema sanaa haina saa. Sawa. Basi hiyo saa nne usiku tutakuja naye, mimi, mama yake na shangazi zake wawili, tujibanze kwenye kitanda cha gesti tuitazame hiyo sanaa.