Kofia Kabla ya Taa

Ndugu vijana, mtu akisikia kwamba saratani ya ngozi, ile ambayo wengi wetu huiita kansere, yaweza kutibiwa kwa mwanga, hustaajabu, kisha huanza kutamani mashine hiyo ifike kwetu. Tamaa hiyo ni halali. Lakini nasema wazi tangu mwanzo: kwa ndugu zetu wenye ualbino, kofia yenye ukingo mpana inapaswa kutangulia, na taa ifuate. Atakayeifahamu kazi ya taa hiyo ataona sababu.

Mwanga uliingia katika tiba ya ngozi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, alifungua taasisi mjini Copenhagen mwaka 1896, akawatibu kwa mwanga mkali wa taa za umeme wagonjwa ambao kifua kikuu kilikuwa kimewala ngozi ya uso. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa na miaka 43 tu. Mjini Munich, mwaka 1900, mwanafunzi Oscar Raab alikuwa ametambua jambo jingine: vijidudu vya majini vilivyotiwa rangi fulani vilikufa upesi vilipopigwa na mwanga. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, akalichukua wazo hilo, na kufikia mwaka 1903 alikuwa amekwisha kujaribu rangi na mwanga juu ya uvimbe wa ngozi.

Tiba ya leo imetoka huko. Mganga hupaka krimu juu ya sehemu yenye ugonjwa na kuifunika kwa muda wa saa tatu hivi. Katika muda huo seli zenye ugonjwa hujikusanyia porfirini nyingi kuliko seli nzima zilizo jirani. (Porfirini si kitu kigeni, mwili wenyewe huitengeneza, na kutokana nayo damu hupata wekundu wake.) Kisha taa nyekundu huwashwa kwa dakika chache. Mwanga huiamsha porfirini, nayo huigeuza oksijeni iliyomo ndani ya seli kuwa sumu inayoziua palepale. Mgonjwa husikia kuungua, wakati mwingine sana. Lakini kovu huwa dogo, na hilo lina thamani kubwa kwa mtu aliyeugua usoni.

Hata hivyo mwanga huo hauzami mbali: milimita chache tu. Kwa hiyo hufaa kwa mabaka makavu yanayoitangulia saratani, na kwa baadhi ya saratani zilizo juujuu. Ile iliyokwisha kuchimba chini huhitaji kisu au tiba nyingine. Basi taa humfaa aliyewahi. Aliyekificha kidonda chini ya kitambaa mwaka mzima, mara nyingi amekwisha kuipita.

Na kwetu ni nani anayechelewa zaidi? Ngozi isiyo na melanini, ile rangi inayotukinga sisi wengine, hupigwa na jua tangu utotoni: njiani kwenda shuleni, shambani, sokoni. Ikweta inapita katika nchi yetu. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo miale inavyozidi ukali, ingawa ubaridi wa hewa humdanganya. Wingu nalo halizuii yote.

Mtu aweza kuuliza: je, wenye mali wapewe taa, na maskini wapewe kofia? Swali hilo ni la haki, wala silikwepi. Natamani hospitali zetu kuu zipate taa hizo, na zaidi ya taa, ile krimu yenye bei kubwa, pamoja na waganga wa ngozi wanaojua kutofautisha kidonda na kidonda. Lakini taa iliyowekwa mjini haimfikii mtoto anayesimama uwanjani kwenye jua la utosi, kichwa wazi, kwa sababu sisi tumepanga sherehe saa hiyo. Jirani zetu wa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, walianza kutengeneza wenyewe krimu ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hawakungoja mashine.

Kwa hiyo tunapopanga maandamano au mchezo wa mpira, tuanze asubuhi mapema au jua likiwa limeinama. Viti vya kivulini visiwe vya wageni wa heshima peke yao. Fedha ya mfuko wa kundi inunue kofia na mashati ya mikono mirefu kabla ya sare mpya. Na mwenzetu akiwa na kidonda usoni, sikioni au shingoni kisichopona kwa majuma manne, tusimwambie kwamba ni laana, wala tusimpeleke kwa muuza pomadi wa sokoni. Mmoja wetu amsindikize kwa mganga juma hilohilo.