Shairi Lisikike Kabla ya Kuchambuliwa

Ushairi katika visiwa vyetu si mgeni. Mtoto wa Unguja na Pemba huukuta kwao kabla hajajua kushika kalamu: katika kasida za chuoni, katika maulidi, katika taarabu na katika mafumbo wanayorushiana wakubwa barazani. Basi ni ajabu kwamba mtoto huyo huyo, akiambiwa skuli afungue kitabu cha mashairi, hushikwa na woga, na katika mtihani huliruka swali la ushairi kama arukaye dimbwi.

Sisi tunaona kwamba lawama hii si ya mwanafunzi. Chanzo chake ni namna shairi linavyofikishwa kwake. Mara nyingi huletewa likiwa limekwisha kuchinjwa na kuchunwa: hesabu mizani, taja vina, orodhesha tamathali za semi, nakili ubaoni. Mambo haya yana haki yake, wala hatusemi yaachwe. Lakini mizani ni kipimo cha sauti, na vina ni raha ya sikio. Mwanafunzi anayehesabu mizani 16 za mshororo wa tarbia, 8 huku na 8 huku, bila ya kuusikia mshororo wenyewe hata mara moja, ni sawa na apimaye tanga la jahazi asilopata kuliona likienda.

Tukumbuke ya kuwa watunzi wetu hawakutungia karatasi za mtihani. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mama anayemuusia binti yake. Siti binti Saad wa Fumba, aliyerikodiwa katika sahani za santuri Bombay mwaka 1928, aliwafikia hata wasiojua kusoma, kwa kuwa shairi lilikuwa ndani ya sauti yake. Na karibu yetu zaidi yupo marehemu Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu, aliyesoma chuoni na kufanya kazi za bahari. Diwani yake ya Kimbunga, iliyotoka mwaka 1994, imesomwa katika skuli za sekondari za Bara na Visiwani. Alifariki mwaka 2021. Tujiulize: wakati wanafunzi wakimchambua kitabuni, naye akiishi kati yetu, ni skuli ngapi zilimwita aghani mbele ya watoto? Na wangapi wa rika lake, katika vijiji vya Pemba na Unguja, tunawangojea nao watuondokee pamoja na mahadhi yao?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mwalimu alighani shairi, au amwite mwenye sauti alighani, mara mbili kabla ya chaki kugusa ubao, na wanafunzi waupokee mshororo wa mwisho. Kisha waulizwe swali moja tu: mmesikia nini? Mizani ije siku ya pili, tena kwa kupiga makofi, na mtoto atajionea mwenyewe kwamba mshororo uliopungua hujikwaa.

Pili, maneno magumu yasifanywe ukuta. Neno la Kiamu au la Kimvita lisilojulikana darasani huenda likawa hai kinywani mwa bibi wa Micheweni au Makunduchi. Mwanafunzi atumwe akaulize nyumbani, arudi na jibu. Hapo shairi litakuwa limetoka kitabuni na kuingia katika mazungumzo ya watu.

Tatu, wanafunzi watunge na wajibizane. Malumbano ya mashairi ni mila yetu ya zamani, na Pemba iliyotuletea Kamange na Sarahani haiwezi kukosa warithi. Waachiwe watunge juu ya mwani, karafuu, chombo kilichochelewa kufika, au daladala iliyojaa. Ubeti wenye kasoro lakini wa kwao ni bora kuliko maelezo safi yaliyonakiliwa.

Nne, mitihani isaidie. Kinachoulizwa ndicho kinachofundishwa. Watungaji wa mitihani wakiweka nafasi mtoto aeleze ni neno gani lililomgusa na kwa nini, walimu watafundisha kwa njia hiyo bila ya kuhimizwa.

Tunajua kwamba walimu watasema madarasa yamejaa, vitabu havitoshi na muda ni mfinyu. Ni kweli, na wahusika wasilifumbie macho jambo hilo. Lakini ubeti mmoja una mishororo 4; unaenea ubaoni, na kuughani hakumalizi hata dakika mbili. Hili ni jambo linaloweza kuanza kesho asubuhi bila ya kungojea bajeti.

Lililobaki ni la wakuu. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, BAKIZA na ZBC washirikiane kuwarikodi wazee wanaojua mahadhi ya tenzi na mashairi, na sauti hizo zipelekwe katika kila skuli, tangu Mkoani hadi Nungwi. Nao wazee, wakiitwa, wasione haya kusimama mbele ya watoto. Kitabu kinaweza kuchapishwa tena hata baada ya miaka 100. Sauti ya mzee isiyorikodiwa huzikwa naye. Kazi hii tunaomba ianze mwaka huu, wangali hai wa kuirikodiwa.